Rauta ya waifai ya vocha: mteja wako ndo wa kwanza kufungiwa mlango

Kuna kipindi nilikuwa nauza vocha za waifai mtaani kwetu huku Mbagala na hesabu zikawa hazieleweki. Kuanzia saa 12 jioni laini imejaa, watu wanalalamika spidi ndogo, lakini ukihesabu vocha za jero zilizotoka siku hiyo hazifiki hata 25. Nikadhani mtandao wa juu ndo unasumbua. Siku moja nimetulia nikaingia kwenye rauta yangu ya MikroTik, nikafungua IP, Hotspot, kichupo cha IP Bindings, nakuta simu 11 zimewekwa bypassed. Yaani hizo zinapita bila vocha, bure kabisa, usiku na mchana. Na mimi sijaweka hata moja.

Aliyeweka sio mdukuzi wa Urusi. Ni dogo wa nyumba ya pili, alinunua vocha ya jero moja tu kihalali, akashusha app ya MikroTik kwenye simu, app ikamwonyesha rauta yangu kwa jina, akajaribu yuza admin bila paswedi, ikafunguka. Fundi aliyenifungia aliiacha hivo na mimi nilikuwa sijui hata kuna kitu cha kubadilisha. Dogo akajipitisha, akawapitisha washkaji zake, baadae nasikia akaanza kuwatoza buku kwa wiki. Biashara yangu, laini yangu, hela anakula yeye.

Sasa tangu siku hiyo kila rauta ninayofunga nafunga na mlango wa usimamizi, na kitu ambacho nimejifunza ni kwamba watu wengi wanahangaika kuzuia mtu wa nje huko intaneti wakati waliolala nao chumba kimoja ni wateja. Fikiria: rauta nyingi za mtaani hazina hata IP ya umma, zinapata IP ya kuchangia toka kwa mtandao wa simu, mtu wa nje hakufikii hata akitaka. Ila mteja wa vocha yuko ndani, yuko hatua moja tu toka kwenye mlango. Na sheria za kiwandani za faiawoli ya MikroTik, zile zinazoamua nini kipite na nini kikatwe, zimetengenezwa kwa nyumba ya mtu, sio kwa biashara. Ile sheria ya mwisho ya kiwandani kwenye input (yaani vinavyoingia ndani ya rauta yenyewe) inasema kata kila kitu ambacho hakijatoka LAN, yaani mtandao wa ndani. Nyumbani sawa, LAN ni mkeo na watoto. Kwenye biashara ya vocha LAN ni mtaa mzima.

Mfano wangu hapa ni rauta ya poti 5 kama hEX, ether1 inaleta mtandao, ether2 mpaka ether4 ziko kwenye bridge (poti zilizounganishwa kuwa mtandao mmoja) ya hotspot, ile sehemu inayomuuliza mteja vocha, zinaenda kwenye antena za waifai, na ether5 tutaifanya poti ya bosi. Hotspot iko kwenye 10.5.50.0/24 maana ndo inayopendekezwa ukitumia ile Hotspot Setup na wengi hawaibadilishi. Ya kwako ikiwa tofauti badilisha namba na majina, usikopi kama kasuku.

Kabla hujagusa kitu

Hii sehemu usiiruke, mimi niliiruka. Siku ya kwanza kabisa ya kujifunza kufunga nilikuwa nyumbani saa 5 usiku, rauta iko juu ya paa la ghorofa Chamazi, nikaingia kwa mbali nikaandika sheria ya kukata kila kitu NIKIDHANI nitaongeza za kuruhusu baadae. Ile nabonyeza Enter tu, Winbox, programu ya kompyuta ya kusimamia MikroTik, ikakatika. Bodaboda ya usiku, kumwamsha mlinzi, kupanda paa na tochi ya simu mdomoni, kubonyeza kile kitufe cha reset kwa kijiti. Na bakapu sina. Nimeanza kupanga rauta upya mpaka adhana ya alfajiri inalia, na vocha zote ambazo wateja walishanunua zimefutika kwa sababu zilikuwa zimehifadhiwa humohumo ndani ya rauta. Kesho yake nilitukanwa sana.

Kwahiyo bakapu kwanza, za aina mbili:

/system backup save name=kabla-ya-kufunga password=WekaYakoHapa
/export file=kabla-ya-kufunga

Ya kwanza inarudisha kila kitu kwenye rauta ileile. Ya pili ni maandishi tu, unaweza kuyasoma na kuyapeleka kwenye rauta nyingine, ila toleo la 7 la RouterOS, mfumo unaoendesha MikroTik, linaficha paswedi kwenye hayo maandishi usipoliambia zionekane, na toleo la 6 linaziacha wazi, kwahiyo ukimtumia mtu faili hilo akusaidie angalia kwanza una toleo gani. Fungua Files kwenye Winbox, vuta yote mawili mpaka kwenye kompyuta. Bakapu iliyobaki ndani ya rauta ni sawa na kufungia funguo ya akiba ndani ya nyumba.

Halafu kuna kitufe cha Safe Mode juu kushoto kwenye Winbox, au Ctrl+X ukiwa kwenye teminali. Ukikiwasha, mabadiliko yote utakayofanya ni ya majaribio, ukijikatia mwenyewe mawasiliano rauta inayafuta inarudi ilipokuwa. Inaweza kuchukua mpaka kama dakika 9 kugundua kwamba umekatika, kwahiyo ukikatika kaa chini kunywa maji, usikimbilie bodaboda. Kila hatua ikikaa sawa unakizima ili mabadiliko yabaki, unakiwasha tena kwa hatua inayofuata. Usifanye kazi yote ndani ya Safe Mode moja ndefu maana inakumbuka vitendo kama 100 tu hivi.

Na apdeti toleo. Hii sio stori ya kuzuga, mwaka 2018 lilionekana tundu kwenye Winbox ambalo mtu alikuwa anaweza kuvuta faili la mayuza na paswedi bila kulogini. MikroTik wakaliziba mwezi wa 4 mwaka huohuo, lakini watu hawakuapdeti, na miezi michache baadae rauta zaidi ya laki 2, nyingi zikiwa Brazil, zikawa zinawachimbia watu sarafu za mtandaoni bila wenyewe kujua. Kilichonifundisha zaidi ni cha mwaka 2021, lile jeshi la rauta zilizotekwa walilolipa jina Meris. MikroTik wenyewe wakasema ni rauta zilezile zilizoingiliwa 2018. Yaani kuna watu waliapdeti wakaziba tundu lakini paswedi walibaki nayo ileile ambayo ilishaibiwa. Kwahiyo apdeti NA ubadilishe paswedi, kimoja bila kingine hakitoshi.

/system package update check-for-updates
/system package update install

Itajiwasha upya, fanya saa ambayo wateja wamelala.

Poti ya bosi

Wazo ni hili: rauta isimamiwe kutoka sehemu moja tu ambayo mteja hawezi kuifikia hata akiwa na paswedi. Tunaitoa ether5 kwenye bridge tunaipa mtandao wake:

/interface bridge port remove [find interface=ether5]
/ip address add address=192.168.99.1/24 interface=ether5
/interface list add name=OFISI
/interface list member add list=OFISI interface=ether5

Sijaweka DHCP, ile inayogawa IP yenyewe, hapo makusudi. Ukichomeka laptopu unaiwekea IP mwenyewe, 192.168.99.2 maski 255.255.255.0, unaingia. Mtu akichomeka waya wake kwa kubahatisha hapewi kitu. Sio ulinzi mkubwa kivile, ila inapunguza wadadisi.

Kama ile sheria ya kiwandani ya kukata visivyotoka LAN bado inafanya kazi, iongeze ether5 kwenye listi ya LAN pia, la sivyo itakukatia. Sasa toka pale ulipokuwa umechomeka, hamia ether5, ingia na Winbox kupitia 192.168.99.1. Ikifunguka ndo tunaendelea. Kuanzia hapa kila kitu fanya ukiwa ether5, maana hatua zinazofuata zinakata sehemu nyingine zote.

Mayuza

Admin ni jina ambalo kila mtu duniani anaanza nalo. Tengeneza la kwako, lolote, lisiwe jina la biashara:

/user add name=mpemba41 group=full password="paswedi ndefu ya maneno manne"

Toka, ingia na jina jipya, hakikisha limekubali, HALAFU ndo:

/user disable admin

Nimesema disable, sio lazima kufuta. Na ukiwa hapo kwenye /user print angalia kama kuna majina huyajui. Fundi aliyekufungia mara nyingi anajiachia yuza wake, wengine kwa nia nzuri tu ili akusaidie siku ukipata shida, lakini fundi anaweza kugombana na wewe, anaweza kuuza laptopu yake Kariakoo na Winbox ndani imehifadhi paswedi zote. Mwambie tu kwa ustaarabu, kaka nimebadilisha, nikikuhitaji nitakufungulia.

Kuhusu dada wa dukani anayeuza vocha. Watu wanampa yuza wa full ili aweze kutengeneza vocha, mimi naona hapo ndo watu wanajichongea. Wengine wanajifanya wajanja wanampa group=read wakidhani ni kuangalia tu. Kundi la read lililokuja na rauta lina ruhusa nyingi kuliko jina lake, linaweza kuwasha upya rauta, na lina ile ruhusa ya sensitive inayoonyesha paswedi. Kama kweli anahitaji kuangalia nani yuko hewani, mtengenezee kundi lake:

/user group add name=kaunta policy=read,winbox,password
/user add name=dukani group=kaunta password="nyingine tofauti"

Hilo halitengenezi vocha, na ndo vizuri. Vocha chapisha wewe 200 mpe kwa hesabu, au tumia mfumo wa kuuzia wenye ukurasa wake. Muuzaji hana sababu ya kuingia kwenye rauta.

Milango ambayo huitumii

Fungua IP, Services. Utakuta orodha: telnet 23, ftp 21, www 80, ssh 22, api 8728, winbox 8291, api-ssl 8729. Yote hiyo ni milango ya kuingilia, na wewe kwa kawaida unatumia mmoja, labda miwili.

/ip service disable telnet,ftp,www,www-ssl,api,api-ssl
/ip service set winbox address=192.168.99.0/24,10.77.0.0/24
/ip service set ssh address=192.168.99.0/24,10.77.0.0/24

Hiyo 10.77 ni ya VPN, njia ya faragha ya kuingia ukiwa mbali, tutafika. Baada ya kuzima www chukua simu ujiunge na waifai uone ukurasa wa kuweka vocha unakuja kama kawaida. Usisubiri wateja ndo wakwambie.

Kuna watu watakwambia badilisha poti ya Winbox toka 8291 weka 48291 umemaliza. Inapunguza kelele za maroboti, ila dogo wa nyumba ya pili mwenye programu ya kuskani poti ataiona kwa dakika chache tu. Badilisha ukitaka, lakini usiihesabu kama kufuli.

Wenye mfumo wa malipo, ile ambayo mteja analipa kwa simu na vocha inajitengeneza yenyewe, hapa mna jambo la ziada. Mifumo hiyo mingi inaongea na rauta kupitia API, kwahiyo ukiizima api malipo yanaingia na mteja hapati mtandao. Iwashe lakini kwa seva moja tu. Tuseme seva ya mfumo inakuja kwenye VPN yao na IP 10.200.0.1:

/ip service set api disabled=no address=10.200.0.1/32

Na yuza wa mfumo awe na jina lake na paswedi yake, asitumie yako. Kingine, poti 8728 haifichi kinachopita ndani yake, kwahiyo isipite wazi kwenye intaneti, ipite ndani ya VPN. Na hiyo VPN ya kampuni ya malipo USIIINGIZE kwenye ile listi ya OFISI. Hujui wateja wao wengine wangapi wamo kwenye VPN hiyohiyo, unaweza kukuta umefungia mtaa wako nje umefungulia mkoa mzima ndani.

Faiawoli

Hii ndo nyama. Kwenye MikroTik kinachoingia ndani ya rauta yenyewe kinapita input, kinachopita kwenda intaneti kinapita forward. Tunashughulika na input. Kama una sheria za zamani za input zisome kwanza moja moja, na ile ya kiwandani ya kukata visivyotoka LAN unaweza kuizima maana tutaweka kali zaidi. Safe Mode iko ON? Haya.

/ip firewall filter
add chain=input action=accept connection-state=established,related,untracked
add chain=input action=drop connection-state=invalid
add chain=input action=accept in-interface-list=OFISI
add chain=input action=accept protocol=icmp
add chain=input action=accept in-interface=bridge protocol=udp dst-port=53,67
add chain=input action=accept in-interface=bridge protocol=tcp dst-port=53
add chain=input action=drop

Kwa Kiswahili cha kawaida: mazungumzo yaliyoanza kihalali yaendelee, takataka zitoke, ofisi ipite, ping ipite, mteja apewe IP na DNS (inayotafuta anwani za tovuti), wengine wote kwaheri. Rauta inasoma toka juu kwenda chini na inasimama kwenye sheria ya kwanza inayofanana, kwahiyo mpangilio ndo kila kitu. Ukija kesho ukaongeza sheria kwa add itakaa chini ya ile drop na haitafanya kazi hata siku moja, utahangaika wiki nzima unasema MikroTik mbovu. Ivute kwa mausi kwenye Winbox ikae juu ya drop. Kwa mfano ile ya seva ya malipo:

add chain=input action=accept src-address=10.200.0.1 protocol=tcp dst-port=8728

hiyo ivute juu.

Juu kabisa utaona sheria zenye herufi D zinazotaja hotspot, hizo imeziweka hotspot yenyewe kwa ajili ya ukurasa wa vocha, zinatumia poti za 64872 mpaka 64875. Ziache.

Swali ambalo naulizwa sana, kwanini nimetumia in-interface badala ya kuzuia watu wasiende 10.5.50.1. Kwa sababu rauta ina IP nyingi. Ukizuia 10.5.50.1 mteja anajaribu 192.168.99.1, au IP ya upande wa ether1, na zote zinajibu kwa sababu zote ni rauta ileile moja. Nimeshaona rauta iliyofungwa "vizuri" na fundi, gateway haifunguki, unaandika IP nyingine ya rauta hiyohiyo inafunguka kama kawa. Angalia mtu anatokea wapi, usiangalie anabisha mlango upi.

Na kama una toleo la 7 kumbuka hii faiawoli ni ya IPv4 tu, IPv6 ina faiawoli yake pembeni. Kama huitumii, na wengi wa vocha hatuitumii:

/ipv6 settings set disable-ipv6=yes

Mlango ambao faiawoli haiuoni

Hapa ndo mafundi wengi wanaishia njiani. Winbox inaweza kuingia kwa MAC address, namba ya kiwandani ya kifaa chenyewe, bila IP kabisa. Umeona ukifungua Winbox kile kichupo cha Neighbors kinaonyesha rauta, unabonyeza ile MAC unaingia hata kama IP hazijapangwa? Njia hiyo haipiti kwenye IP firewall, wala ile address ya kwenye IP Services haiihusu. Kwahiyo umeandika sheria 7 nzuri kabisa na mteja mwenye laptopu bado anaona rauta yako na anaweza kujaribu paswedi mpaka achoke.

/tool mac-server set allowed-interface-list=OFISI
/tool mac-server mac-winbox set allowed-interface-list=OFISI
/tool mac-server ping set enabled=no
/ip neighbor discovery-settings set discover-interface-list=OFISI
/tool bandwidth-server set enabled=no

Ile ya neighbor ndo inayoifanya rauta iache kujitangaza kwa wateja kwa jina, aina na toleo. Dogo wangu alianzia hapo, app ilimwonyesha yenyewe. Na uzuri wa kuacha MAC iwake kwenye ether5 ni kwamba hata ukiharibu IP zote bado una pa kuingilia bila kupanda paa na kijiti.

Kuingia ukiwa mbali

Usifungue 8291 upande wa ether1 "kwa muda tu". Hiyo ya muda tu huwa inakaa miaka. Toleo la 7 lina WireGuard, aina ya VPN, na kwa kuwa rauta zetu hazina IP ya umma, rauta ndo inapiga kwenda kwenye seva yako ndogo ya kukodi yenye IP ya umma, wewe na simu yako mnakutana nayo hapo:

/interface wireguard add name=wg-nyumbani
/ip address add address=10.77.0.2/24 interface=wg-nyumbani
/interface wireguard peers add interface=wg-nyumbani public-key="funguo ya seva" endpoint-address=IP-ya-seva endpoint-port=51820 allowed-address=10.77.0.0/24 persistent-keepalive=25s
/interface list member add list=OFISI interface=wg-nyumbani

Hiyo keepalive ya sekunde 25 usiiache, bila hiyo mtandao wa simu unasahau njia na wewe huku unapiga hodi hakuna anayeitika. Kwenye VPN hii wawemo wewe na vifaa vyako tu. Huna seva? Basi tembea na laptopu mpaka ether5, mimi nilikaa hivo mwaka mzima na sikufa.

Vifaa vya jirani na rauta

Umefunga rauta lakini je modemu iliyo juu yake? Mteja akiwa kwenye waifai yako akiandika 192.168.1.1 au 192.168.100.1 anaweza kufika kwenye modemu ya mtandao wako, na hiyo kwa kawaida bado ina paswedi ya kiwandani. Kwa walioko Kenya na wanaotumia Starlink ndo kabisa, dishi linajibu kwenye 192.168.100.1 na mtu yeyote aliye ndani ya mtandao anaweza kulizima na kuliwasha kwa app bila paswedi. Hii inapita forward sio input, kwahiyo zile sheria 7 hazihusiki:

/ip firewall filter add chain=forward action=drop in-interface=bridge dst-address=192.168.100.0/24
/ip firewall filter add chain=forward action=drop in-interface=bridge dst-address=192.168.1.0/24

Zivute juu ya sheria zozote za kuruhusu. Intaneti haikatiki, wateja wanapita kupitia modemu, hawaendi kwenye modemu. Antena zako za waifai nazo zipe paswedi zao, ziko kwenye bridge moja na wateja na faiawoli ya rauta haiwezi kuzisaidia hapo.

Jaribu kama mwizi

Nunua vocha yako mwenyewe, jiunge na simu, fungua app ya MikroTik. Isione kitu. Andika 10.5.50.1 kwa mkono, isifunguke. Andika 192.168.99.1, isifunguke. IP ya ether1, isifunguke. Ping itajibu, usishtuke, tumeiruhusu. Rudia na laptopu yenye Winbox kwenye kichupo cha Neighbors, napo pawe patupu. Halafu ondoka, tumia bando la simu nyingine ujaribu kwa nje kama una IP ya umma.

Kama rauta ilikuwa wazi muda mrefu usiamini tu kwamba sasa ni safi. Pitia /system scheduler print na /system script print, kitu usichokijua hapo ni dalili mbaya. Angalia IP Socks na IP Web Proxy ziwe zimezimwa, angalia kwenye PPP kama kuna L2TP client ambayo hukuiweka, na bila shaka IP Bindings. Ukikuta chochote cha hivo mimi sishauri kufutafuta, weka RouterOS upya kabisa kwa Netinstall, programu ya MikroTik ya kazi hiyo, halafu panga kwa mkono ukisoma lile faili la export, usirudishe bakapu nzima maana utamrudisha na mgeni.

Na kwenye log ukiona mistari kama hii:

login failure for user admin from 10.5.50.37 via winbox

ujue kuna mahali hujafunga, kwa sababu mteja hakutakiwa hata kufika kwenye hatua ya kuulizwa paswedi. Rudi kwenye sheria zako uangalie ni ipi imekaa juu ya nyingine. Hiyo 10.5.50.37 itafute kwenye Hotspot, Hosts, utaona na MAC ya simu yake. Mimi wa kwangu nilimwita nikampa kazi ya kupanda paani kufunga antena, anajua kuskani poti kuliko mimi.